Kwa nini binadamu analala? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Hapa yamekusanywa maswali ambayo watu wa visiwani huuliza kila mazungumzo ya usingizi yanapoanza. Mengine yamejibiwa kwa urefu kwa sababu yana mengi ndani yake, mengine kwa mistari michache kwa sababu hayana zaidi. Saa za kulala na kuamka zimeandikwa kwa maneno na kwa hesabu yetu (saa nne usiku, saa kumi na moja alfajiri). Muda wa kulala umeandikwa kwa tarakimu (saa 7, saa 8), visije vikachanganyika.

Kwani lazima mtu alale? Akijinyoosha tu barazani na kufumba macho, si amepumzika?

Miguu imepumzika, ndiyo. Ubongo bado. Misuli inatulia hata ukiketi tu, lakini mtu aliyejilaza huku yu macho ubongo wake unaendelea kusikiliza mlango, kuwaza deni la dukani na kupanga safari ya kesho. Akipimwa umeme wa ubongo kwa nyaya za kichwani, mawimbi yanayoonekana ni ya mtu aliye macho. Zipo kazi ambazo ubongo hauzifanyi mpaka ulale.

Tazama na upande wa wanyama. Mnyama aliyelala hali, halindi mtoto wake, wala hakimbii akivamiwa. Ingekuwa usingizi hauna kazi kubwa, viumbe wangekwisha kuuacha zamani. Lakini karibu kila mnyama aliyechunguzwa vizuri amekutwa analala kwa namna yake, na mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba hata aina moja ya kiwavi cha baharini, ambacho hakina ubongo kabisa, usiku hupunguza kupiga mwili na huchelewa kushtuka, na ukikinyima mapumziko hayo kesho yake kinalegea.

Katika miaka ya 1980, Allan Rechtschaffen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwazuia panya kulala. Panya wale walikula kuliko kawaida na bado wakakonda, mwishowe wakashindwa hata kuhifadhi joto la mwili. Walikufa baada ya wiki mbili tatu hivi.

Pomboo wa Kizimkazi nao wanalala? Mbona hawazami?

Wanalala nusu nusu. Upande mmoja wa ubongo unalala, wa pili unabaki zamu kwa ajili ya kuogelea, kupanda juu kuvuta pumzi na kuangalia hatari, kisha wanabadilishana. Uchunguzi uliofanywa huko huko kusini mwa Unguja ulionyesha kwamba boti za watalii zikiwa karibu pomboo hupunguza kupumzika. Nahodha anayewafukuza asubuhi ili mgeni apate picha, ajue kuwa huenda anamwamsha mtu kitandani mwake.

Basi ubongo unafanya nini usiku kucha?

Unakwenda kwa awamu. Kwanza usingizi mwepesi, ule ambao mtu akiitwa jina anajibu "sijalala mie". Halafu usingizi mzito: mawimbi ya ubongo yanakuwa makubwa na ya polepole, moyo unapunguza kasi, shinikizo la damu linashuka, na mtoto unaweza kumbeba kutoka kwenye mkeka wa ukumbini hadi kitandani asijue. Mwisho usingizi wa ndoto: macho yanakimbia huku na huku chini ya kope, ubongo umechangamka karibu na wa mtu aliye macho, ila mwili umefungwa usitikisike. Usingizi huu ulielezwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman, nao pia Chicago. Mzunguko mmoja huchukua kiasi cha dakika 90, na usiku mzima una mizunguko minne hadi sita.

Usingizi mzito umejaa zaidi nusu ya kwanza ya usiku, wa ndoto umejaa kuelekea alfajiri. Kwa hiyo mtu anayeamshwa kabla hajashiba hupoteza hasa usingizi wa ndoto, hata kama alilala fofofo mwanzoni.

Kazi zinazojulikana vizuri ni hizi. Homoni ya kukua hutoka kwa wingi wakati wa usingizi mzito, ndiyo maana usingizi wa mtoto si wa kuchezea. Kinga ya mwili nayo inategemea usiku: mwaka 2002 ilichapishwa tafiti ya vijana waliochanjwa chanjo ya mafua baada ya kulala saa 4 tu kwa siku kadhaa mfululizo. Siku 10 baadaye walikuwa na chini ya nusu ya askari wa kinga waliokuwa nao wenzao waliolala kawaida. Chanjo ile ile, sindano ile ile.

Kumbukumbu ndiyo yenye mazungumzo marefu zaidi. Uliyojifunza mchana hushikwa kwanza na sehemu ndogo ya ndani ya ubongo iitwayo hipokampasi. Ukilala, hasa usingizi mzito, yale yale hurudiwa na kuhamishiwa sehemu za nje zinazohifadhi kwa muda mrefu. Tangu mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach walikwisha kuonyesha kwamba mtu aliyelala baada ya kukariri silabi zisizo na maana hukumbuka nyingi kuliko aliyeshinda macho kwa muda ule ule. Walimu wa chuoni hawakusubiri tafiti hiyo. Mtoto anayehifadhi huambiwa aipitie sura yake usiku, karibu na kulala, halafu baada ya sala ya alfajiri aisome bila ya msahafu. Anayekariri alasiri akasinzia juu ya juzuu kwa sababu jana yake alilala saa sita, huyo bakora haimsaidii. Kinachomsaidia ni kitanda.

Liko pia suala la kusafisha ubongo. Mwaka 2013 timu ya Maiken Nedergaard ilieleza kwamba panya akilala nafasi baina ya seli za ubongo hupanuka kwa kiasi cha asilimia 60, na maji ya ubongo hupita yakaondoa taka, zikiwemo protini zinazorundikana kwa wagonjwa wa Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mwaka 2024 timu nyingine, ya London, ilipima panya kwa njia tofauti ikapata kinyume chake. Wanasayansi bado wanavutana hapo. Ukikutana na anayeuza dawa ya kusafisha ubongo kwa kutumia hoja hii, mwache apite.

Usingizi unatoka wapi? Mbona siku nyingine unanishika baada ya isha, siku nyingine saa sita nimetoa macho?

Una wenyewe wawili, na si kila siku wanakubaliana.

Wa kwanza ni uchovu wa ubongo. Seli za ubongo zikitumia nguvu huacha kitu kiitwacho adenosini, nacho kinajaa tangu unapoamka. Kikizidi, kope zinakuwa nzito. Ukilala, kinapungua. Ndiyo maana aliyelala alasiri nzima hadi magharibi hukosa usingizi usiku: hakuna kilichobaki cha kumsukuma.

Wa pili ni saa ya mwili. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali ambapo mishipa ya macho inakutana, pana kundi dogo la seli, kiasi cha 20,000, linalohesabu mchana na usiku hata ukifungiwa chumba kisicho na dirisha. Saa hii ndiyo inayotoa amri ya melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba giza limeingia. Namna chembe za urithi zinavyoiendesha iligunduliwa kwa kuwachunguza nzi wa matunda, na kazi hiyo iliwapa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Kinachoirekebisha kila siku ni mwanga, hasa wa asubuhi.

Hapa visiwani tumebahatika. Tuko karibu na ikweta, na baina ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote hazipishani hata saa moja. Watu wa Ulaya ya kaskazini wana kisingizio cha jua la kiangazi linalokataa kuzama. Sisi hatunacho. Jua letu linatoka kiasi cha saa kumi na mbili na kuzama kiasi cha saa kumi na mbili, na adhana ya alfajiri husogea kidogo tu mwaka mzima. Kinachosogea kwetu ni saa ya kulala. Harusi, mpira, simu, stori za maskani: vyote hivyo vinakula upande wa mwanzo wa usiku, na upande wa mwisho hauna pa kurefuka. Majibu mengi yaliyobaki hapa chini yanarudi kwenye hesabu hiyo.

Nakunywa kahawa barazani baada ya isha na usingizi unanijia kama kawaida. Tatizo liko wapi?

Huenda unalala, lakini si usingizi ule ule. Kafeini hukaa mahali ambapo adenosini ingekaa, ubongo ukashindwa kujua kwamba umechoka. Kahawa haiondoi uchovu, inauziba mdomo. Na haitoki haraka: baada ya saa 5 au 6, kwa watu wazima wengi nusu yake bado imo mwilini. Kikombe cha saa mbili usiku pale Jaws Corner, baraza la kahawa la Mji Mkongwe, saa saba usiku nusu yake bado iko kazini. Wapo wanaoivunja haraka na wapo wanaoivunja polepole, na mjamzito huivunja polepole zaidi. Wengi wanaojisifu kwamba kahawa haiwafanyi kitu hulala, lakini usingizi wao mzito unapungua, wakaamka wanatafuta kikombe kingine.

Hakuna anayesema mabaraza yafungwe. Vikombe vile ni vidogo, na mazungumzo yake yana faida yake. Lakini mwenye kulalamika kwamba halali, aanze kwa kuihamishia kahawa alasiri na usiku anywe maji ya tangawizi, aone. Chai ya rangi nayo ina kafeini, wengi huisahau.

Saa ngapi zinatosha?

Mtu mzima saa 7 au zaidi. Vijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Watoto wa miaka 6 hadi 12 saa 9 hadi 12, na wa miaka 3 hadi 5 saa 10 hadi 13, pamoja na usingizi wa mchana. Mtoto mchanga hulala sehemu kubwa ya siku, vipande vipande, na alazwe chali.

Usipime kwa kujisikia. Mwaka 2003 ilichapishwa tafiti ya watu waliolala saa 6 kila usiku kwa wiki mbili. Mwishoni walikosea vipimo vya umakini sawa na mtu aliyekesha kabisa, huku wenyewe wakisema wamechoka kidogo tu. Mwili unazoea kuchoka, lakini makosa hayapungui.

Wazee wetu si walilala na kuku? Sisi tumeharibiwa na umeme.

Nusu ya maneno hayo ni kweli. Mwaka 2015 watafiti walichapisha vipimo vya usingizi vya jamii tatu zisizo na umeme, wakiwemo Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi hapa hapa Tanzania. Hawakulala jua lilipozama. Walikaa kwa wastani zaidi ya saa 3 gizani, kando ya moto, kabla ya kulala, na walilala baina ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku. Wengi waliamka kabla ya jua. Malalamiko ya kukosa usingizi yalikuwa nadra mno kwao.

Kwa hiyo wazee hawakulala zaidi sana kuliko sisi. Tofauti ni kwamba walilala saa zile zile kila siku, gizani, na usiku ulipopoa. Sisi tunalala saa tano leo, saa saba kesho, taa ya ukumbini inawaka na televisheni ya jirani inasikika. Anayetaka kuiga wazee aige huo utaratibu. Kuku tuwaache.

Naamka usiku kuswali tahajudi kisha nalala tena. Kukatakata usingizi kunadhuru?

Kwa mtu anayelala mapema, hapana. Mwanahistoria Roger Ekirch amekusanya maandishi mengi ya Ulaya ya zamani yanayotaja usingizi wa kwanza na wa pili, katikati watu wakiamka kuomba, kuzungumza au kufanya kazi ndogo ndogo. Kinachohesabika ni jumla. Aliyelala saa tatu, akaamka saa tisa kwa muda mfupi, akajilaza tena, hana tatizo. Aliyelala saa sita akaamka saa tisa, huyo tahajudi haina kosa. Kosa ni la saa sita.

Kailula, usingizi mfupi wa adhuhuri, ni uvivu?

Si uvivu, ni sunna, na sayansi iko upande wake. Baada ya adhuhuri saa ya mwili yenyewe ina bonde la usingizi, hata kwa asiyekula wali. Dakika 20 hadi 30 zinarudisha umakini. Ukizidisha unaingia usingizi mzito, ukaamka kichwa kizito na ulimi mkavu, na usiku ukaanza kugeukageuka. Baada ya alasiri iache.

Na Ramadhani je? Mwezi mzima hatulali.

Saumu yenyewe haiharibu usingizi sana. Kinachouharibu ni kuhamisha chakula na maongezi kwenda usiku. Piga hesabu ya nyumba ya kawaida: tarawehe inakwisha saa tatu na kitu. Ukilala saa nne ukaamshwa kwa daku saa tisa na nusu, una saa 5 na nusu. Ukirudi kulala baada ya sala ya alfajiri hadi saa moja, umeongeza kiasi cha saa 1. Kailula fupi inamalizia, na saa 7 zimetimia au zimekaribia.

Anayetoka tarawehe akaenda kucheza karata hadi wakati wa daku, akala, akalala asubuhi, saa ya mwili wake imegeuka kama ya mtu aliyesafiri bara jingine, na itamchukua siku kadhaa baada ya Idi kuirudisha. Jambo moja dogo: chakula kizito cha saa nne usiku kinalala na wewe kitandani. Vyakula vya kukaanga na pilipili huwapandishia wengi kiungulia wakijilaza.

Sisi tunaofanya kazi usiku tufanyeje?

Swali hili lina watu wengi nyuma yake: walinzi na wapishi wa mahoteli ya Nungwi na Paje, wauguzi, mabaharia, na wavuvi wa dagaa. Mvuvi wa dagaa ana ratiba ya ajabu kuliko wote. Anavua kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu anapumzika kwa sababu dagaa hawaifuati taa. Kwa hiyo kila mwezi saa ya mwili wake inageuzwa mara mbili. Mama wa mwani naye anafuata maji: yanapwa leo saa nne, kesho karibu saa tano, na nyakati za bamvua hawezi kuchagua. Pemba wakati wa karafuu nyumba nzima hukaa kwenye mkeka usiku, karafuu zimemwagwa katikati, kila mtu anachambua tembe kutoka kwenye kikonyo mpaka vidole vinanuka na macho yanafumba, kwani zikiachwa zinavunda na kupoteza rangi. Kesho yake mtoto yule yule anatakiwa skuli saa moja.

Usingizi wa mchana ni mfupi na mwepesi kwa sababu saa ya mwili haitaki, na hiyo haiondoki kwa mazoea. Yanayosaidia: chumba chenye giza kabisa (kanga mbili nzito dirishani zinatosha), kulala mara unapofika badala ya kuanza shughuli za nyumbani, na watu wa nyumba kukubaliana kwamba saa hizo hakuna kugonga mlango. Hili la mwisho ndilo gumu. Mtu aliyelala mchana kwetu huamshwa bila haya, ati "si kulala tu".

Na dereva ajue hili: aliyekaa macho saa 17 mfululizo mwitikio wake unakaribia wa mtu aliyekwisha kunywa pombe, na kwa saa 24 ni mbaya zaidi. Ubongo uliochoka hujilalia wenyewe kwa sekunde chache, macho yakiwa wazi. Daladala inayokwenda kilomita 60 kwa saa, sekunde 3 hizo ni mita 50 bila ya dereva. Kufungua dirisha na kupandisha muziki hakutibu kitu. Simamisha gari, lala dakika 20.

Joto la kaskazi linaninyima usingizi, na umeme ukikatika ndiyo basi.

Ili ulale, joto la ndani ya mwili lazima lishuke kiasi cha nyuzi 1. Mwili unalitoa kupitia viganja na nyayo, na hewa ikiwa ya moto na unyevu halitoki. Waliokuwa mjini Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, miezi mitatu bila ya umeme kutoka bara, na katikati yake joto la kaskazi, hawahitaji kuelezwa.

Oga maji ya kawaida au ya uvuguvugu saa 1 hivi kabla ya kulala. Maji ya baridi sana yanafunga mishipa ya ngozi na kuzuia joto kutoka. Shuka la pamba, si la nailoni. Godoro la sponji linashika joto kuliko la usufi, ingawa la usufi siku hizi kulipata ni kazi. Kama una nafasi ya kuhamia uani au barazani, hamia, lakini na chandarua. Ni kweli chandarua kinapunguza upepo. Maambukizi ya malaria Zanzibar yalishuka chini ya asilimia 1 kwa sababu ya vitu kama chandarua, na mbu mwenyewe ni mwizi mkubwa wa usingizi.

Nimekabwa na jinamizi. Nilikuwa naona, nasikia, siwezi kupiga kelele. Ni Popobawa?

Kilichokutokea ni cha kweli, na kinajulikana. Katika usingizi wa ndoto ubongo huifunga misuli ili usije ukaitenda ndoto. Mara nyingine fahamu zinarudi kabla ya misuli kufunguliwa. Unaona dari ya chumba chako, lakini ndoto haijaisha, kwa hiyo unaona au unahisi mtu chumbani. Kifua kinaonekana kukaliwa kwa sababu pumzi za usingizi ule ni fupi na huwezi kuvuta kwa nguvu. Linakwisha kwa sekunde au dakika chache, na halijaua mtu. Wajapani na watu wa Newfoundland kule Kanada wana majina yao ya jambo hilo hilo.

Hofu kubwa ya Popobawa, jini anayesemwa kuwavamia watu usiku, ya mwaka 1995 ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja na Dar es Salaam. Watu walilala nje kwa makundi na wengine wakakesha kabisa. Siwaiti waongo. Lakini jinamizi linapenda watu waliokosa usingizi, waliolala chali na waliolala kwa hofu, na kukesha kwa hofu usiku baada ya usiku kunalizidisha. Ukikabwa, usipambane na mwili mzima. Jaribu kutikisa kidole kimoja au kuzungusha macho. Mwenye kusoma Ayatul Kursiyyu asome, kwani utulivu ndio unaotakiwa. Likirudi kila wiki, au ukisinzia ghafla mchana, nenda kwa daktari.

Malale ni ugonjwa wa kulala sana?

Si hivyo hasa. Kijidudu kinacholetwa na mbung'o kikifika ubongoni kinavuruga saa ya mwili, mgonjwa akasinzia mchana na kukesha usiku. Ni ugonjwa wa bara. Unguja mbung'o alikuwa msumbufu wa ng'ombe, akaangamizwa kwa kuachiwa madume zaidi ya milioni 8 waliofanywa tasa, waliofugwa Tanga na kumwagwa kwa ndege. Mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina mbung'o. Pemba hakuwako.

Mume wangu anakoroma mpaka nahamia kwa watoto.

Kukoroma kwa mfululizo mara nyingi ni kero tu. Kukoroma kunakokatika ghafla, kimya sekunde 10 au zaidi, kisha mtu akashtuka kama anayezama, hiyo ni njia ya hewa kuziba. Oksijeni inashuka na ubongo unamwamsha mara nyingi kwa saa bila ya yeye kujua. Huyu anaamka na kichwa kinamuuma, anasinzia msikitini wakati wa khutba, na mara nyingi ana shinikizo la damu lisilosikia dawa. Alale ubavu, apunguze uzito kama ameuzidisha, na aende hospitali. Mrekodi kwa simu, umpelekee daktari. Atakataa kwamba anakoroma, wote hukataa.

Simu na watoto wa skuli?

Mwanga wa simu hupunguza melatonini, lakini tusiusingizie mwanga peke yake. Kilichomo ndani ndicho kinachokesha. Kijana wa miaka 15 saa yake ya mwili tayari imesogea mbele kwa maumbile. Usingizi haumjii saa tatu hata akitaka. Mpe na simu chini ya shuka, halafu umwamshe saa kumi na moja, utaona alama zake. Simu zilale ukumbini, za wazazi pia, maana mtoto anaangalia.

Nameza piritoni nilale. Inafaa?

Hiyo ni dawa ya mzio. Kusinzia ni athari yake ya pembeni, na mwili unaizoea kwa siku chache. Asubuhi inakuachia ukungu kichwani. Mzee asiitumie kabisa kwa kazi hiyo: inamvuruga akili na kumwangusha.

Mtu anaweza kufa kwa kukosa usingizi?

Kijana wa Marekani, Randy Gardner, alikaa macho siku 11 kati ya Disemba 1963 na Januari 1964, akiwa na miaka 17. Hakufa, lakini alivurugika kumbukumbu na akaona visivyokuwapo. Upo ugonjwa wa kurithi, nadra sana, unaoharibu sehemu ya ubongo na kumnyima mtu usingizi mpaka anakufa. Kwa watu wa kawaida kifo huja kwa njia nyingine: ajali, na moyo uliochoka kwa miaka.

Ni lini niende hospitali?

Ukikosa usingizi usiku 3 au zaidi kwa wiki, kwa miezi 3, na mchana wako ukaharibika. Kabla ya hapo jaribu haya wiki mbili: amka saa ile ile kila siku hata Ijumaa, toka nje upate mwanga wa asubuhi, kitanda kiwe cha kulala tu, na usingizi usipokuja kwa dakika 20 inuka, keti gizani au soma nyiradi mpaka uje. Kugalagala kunaufundisha ubongo kwamba kitandani ni mahali pa mawazo. Ukienda, nenda na karatasi uliyoandika kila siku saa uliyolala, saa uliyoamka, kahawa ulizokunywa na dawa unazotumia, pamoja na za mitishamba. Daktari ataanza kwa kuuliza hayo hayo, na foleni nyuma yako ni ndefu.